Nani Alisinzia?

Jumamosi, tarehe 9 Julai 1960. Alfajiri uwanja wote ulikuwa mweupe kwa sakitu, na maji ya kuku yalikuwa yameganda juu kama utando wa maziwa. Jua lilitoka, lakini lilikuwa jua la kutazama tu, si la kuota.

Nimestaafu mwisho wa mwezi uliopita. Vijana wa chumba cha kusomea vitabu hapa Njombe wameniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, ili nao wajue namna ya kumchagulia mtu kitabu. Nimewaambia wamwombe Bwana Sanga, maana yeye ndiye anayejua. Wakasema Bwana Sanga amewatuma kwangu. Hata hilo limenichoma kidogo, lakini nimekubali. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililimaliza kwa kuhurumiwa. Mkikuta sentensi imepinda, inyosheni wenyewe.

Habari za kupandishwa cheo siziandiki, kwa sababu ni fupi. Mshahara nao ulikuwa mfupi.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kitabu hata kimoja. Nilipika uji. Aliyenipokea alikuwa Mzee Luvanda, mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye mtambo wa kupiga chapa wa misheni, na vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwenye kucha. Alinipa sufuria na unga wa ngano, akasema, "Koroga mpaka kijiko kisimame." Ule ulikuwa uji wa gundi. Tulikuwa tunafunika kila kitabu kwa karatasi la kaki, kwa sababu vitabu vya Njombe havisomwi mezani, vinasomwa jikoni karibu na moto. Vinarudi na masizi, na harufu ya moshi, na pengine punje ya harage katikati ya ukurasa. Karatasi la kaki likichakaa unalibandua, unabandika jingine, na kitabu kinakuwa kama kimevaa shati jipya.

Nilikoroga, uji ukashika mabonge. Mzee Luvanda akauonja kwa kidole, akatikisa kichwa. "Huu wape watoto," akasema, "vitabu vitaukataa."

Siku za mwanzo nilikuwa nampa kila mtu kile alichokiomba. Mzee Luvanda aliniacha kwa muda, kisha akaniita pembeni.

"Mgaya, usimwulize mtu anapenda nini. Atakudanganya. Atakutajia kitabu kinachompa heshima. Mwulize kipi kilimchosha. Hapo atasema kweli, kwa kuwa kuchoka hakuna cheo."

Swali hilo nimelitumia miaka yangu yote, na sitaki mtu anidharaulie. Lilinisaidia sana kwa askari mmoja wa bomani, mrefu, mwenye buti zinazong'aa, aliyekuwa akiazima kitabu kikubwa cha sheria na kukirudisha kurasa za mwanzo tu zikiwa na alama za vidole. Nilipomuuliza kipi kilimchosha, alitazama mlangoni, kisha akainama kama mtu anayenunua kitu cha magendo. "Hiki," akasema. "Huna cha sungura?" Nilimpa cha sungura. Kilikuwa kimefunikwa karatasi la kaki kama kile cha sheria, akatoka nacho kwapani mbele ya wenzake, na hakuna aliyejua. Baada ya hapo alikuwa msomaji wangu. Akifika mlangoni alisema, "Kamwene, Bwana Mgaya," akanisogelea mimi, si mwingine. Kumbukeni neno hilo, mimi si mwingine, kwa sababu ndilo lililonisumbua mbele ya safari.

Siku za soko nilipelekwa Makambako na sanduku la vitabu, juu ya lori la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na huruma na elimu lakini si na abiria. Makambako ni upepo na vumbi. Nililiweka sanduku chini ya kibaraza cha duka lake, na wasomaji wangu walikuwa watu wa njia panda: madereva, wanaume wanaokwenda kwenye mashamba ya mkonge, akina mama wenye mahindi. Walichoniomba daima ni kitabu kitakachokwisha kabla lori halijaja. Nami nilikuwa sijui lori litakuja lini, wala wenye lori hawakujua.

Hapo ndipo nilipomkuta Eliya Sanga. Mkinga, mfupi, ana pengo mbele, na alikuwa anauza vyungu vya Ukisi, vile vyembamba vinavyobebwa kutoka ziwani kuvuka milima. Alivipanga kando ya sanduku langu. Soko likipoa aliazima kitabu akasoma amekaa kati ya vyungu, na kwa haki niseme hakuwahi kukirudisha kikiwa na doa.

Nilimpenda, mpaka siku niliposikia mama mmoja akimuuliza yeye, si mimi, "Kaka, nichukue kipi?"

Sanga akamwuliza, "Ulikopeleka kile cha mwisho, nani alisinzia?"

Mama yule akacheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. "Baba mkwe. Alikoroma!"

"Na nani aliyekuwa macho?"

"Mawifi zangu."

"Basi mchukulie baba mkwe kitabu, mawifi watakuwa macho tu, hao hawahitaji msaada."

Inabidi nieleze, maana wageni hawalijui. Kwetu anayeazima kitabu siye peke yake anayekisoma. Katika nyumba anaweza kuwa mmoja tu ajuaye kusoma. Jioni anakaa karibu na moto, anasoma sentensi ya Kiswahili, anaigeuza kwa Kibena, wazee wanaitikia, anaendelea. Kitabu kimoja kina masikio mengi. Mimi nilikuwa naulizia mtu mmoja aliyesimama mbele yangu, Sanga alikuwa anaulizia jiko zima.

Nilimwuliza ameipata wapi akili hiyo. Akagonga chungu kwa ukucha, kikalia. "Mtani, chungu hakiuzwi kwa anayekibeba. Kinauzwa kwa anayepika. Mwanamume anakuja hapa anataka kikubwa, apendeze njiani. Akifika nyumbani mkewe anakirudisha. Nikajifunza kuuliza, kwenu nani anapika?"

"Mkinga wewe," nikamwambia, "hata mvua ungeiuza."

"Kwa Wabena, ndiyo. Mngeinunua na mmelowa."

Nilicheka naye, lakini ndani wivu ulinikaa kooni kama kiazi cha moto, hakimezeki na hakitemeki. Ikawa soko baada ya soko watu wanapita sanduku langu wanakwenda kwenye vyungu kuuliza, kisha wanarudi kwangu kuchukua tu, kama mtu anayechota maji bombani. Bomba haliulizwi shauri.

Nilimweleza Mzee Luvanda. Sikumchongea Sanga, nilieleza kama ilivyokuwa, na pengine nilitumaini kwamba Mzee atasema muuza vyungu abaki na vyungu. Mzee aliweka chini kitabu alichokuwa anakifunika. Kisha akasema polepole, "Nani alisinzia. Mimi nimelitafuta swali hilo miaka mingi, Mgaya, na nilifika nusu ya njia." Mwaka uleule akamwombea Sanga kazi kwa Bwana Shauri wa wilaya, na Sanga akaletwa Njombe, akapewa meza iliyotazamana na yangu.

Hebu fikirini, vijana. Meza mbili, chumba kimoja, mlango mmoja. Msomaji akiingia lazima achague kulia au kushoto, na wewe umekaa unajifanya unapaka gundi.

Walikwenda kushoto. Si wote, nisikuze mambo. Askari wangu wa sungura alibaki, na makarani wa baraza walibaki, kwa sababu wao walisoma peke yao. Lakini wale wa mbali, wanaotembea kutoka vijijini na kitabu kimefungwa kwenye kitambaa, walikwenda kwa Sanga.

Kulikuwa na Bwana Kilasi wa Lupembe. Huyu nilikuwa nimemlea mwenyewe. Alipenda nyuki, nami nilikuwa nimempa kila kitabu cha nyuki tulichokuwa nacho, na kingine cha nta. Siku moja mimi nilikuwa nyuma napika gundi, Sanga akamwuliza swali lake. Nilisikia kupitia dirishani.

"Alisinzia mama," Kilasi akasema. "Na wanangu. Na mbwa."

"Aliyekuwa macho?"

"Mimi."

"Na nyumba ni ya nani?"

Kilasi akafikiri. "Ya mama."

"Mama akitoka nyumbani hupenda kwenda wapi?"

"Barazani, kusikiliza kesi za watu. Kesi ya mpaka wa shamba ikiwapo, hata akiumwa atakwenda."

Sanga akampa hadithi ya ndugu wawili na urithi wa baba yao. Kilasi alirudi kabla ya siku yake, amelowa mvua, akasimama katikati ya chumba. "Naomba mwendelezo. Mama amegoma kula mpaka ajue shamba lilikwenda kwa nani."

Mwendelezo haukuwapo. Sanga akafunga kitabu, akamwambia arudi akamwulize mama yeye angeamuaje. Nasikia mama yule aliamua, na kijiji kizima kikaja kusikiliza hukumu. Wote walicheka chumbani siku ile. Mimi uji wangu uliungua.

Mtasema, kwa nini nisitumie swali lilelile? Nilimwomba ruhusa. Sanga akasema, "Chukua, mtani. Swali si chungu, halivunjiki." Nikalitumia. Lakini kinywani mwangu likawa swali la polisi. Nilipouliza, "Nani alisinzia?" watu walisimama wima wakajibu, "Hakuna mtu, bwana." Mzee mmoja aliapa. Nilijaribu kutabasamu nikiuliza, ikawa mbaya zaidi.

Kisha siku moja ya mvua, chumba kitupu, Sanga akaniuliza kutoka mezani kwake, "Na kwako wewe, mtani? Nani husinzia?"

"Hakuna," nikasema. Nami nilisimama wima.

Nilipofika nyumbani, kule mtaa wa Ramadhani, nilijitazama kwa mara ya kwanza. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu Lea, maana binti yetu Tumaini alikuwa ameshaolewa. Kila jioni, chakula kikiwa motoni, nilimsomea. Nilidhani anafurahi. Jioni ile nilisoma huku namtazama, na kabla ukurasa haujaisha kidevu chake kilikuwa kifuani. Nilinyamaza. Akazinduka papo hapo, akasema, "Endelea, Baba Tumaini, nasikia."

Nikakumbuka kwamba "nasikia" hiyo nimeisikia tangu tulipooana.

Basi hapo ndipo penye jambo lenyewe, na mengine yote niliyoandika ni njia ya kufika. Mimi niliyelipwa na serikali kuwachagulia watu vitabu sikuwa nimewahi kumchagulia mke wangu kitabu kimoja cha kumfanya akae macho. Nilijaribu. Nilimletea cha ufugaji wa kuku, akalala. Cha usafi wa jiko, akalala kwa hasira. Cha wafalme, akalala mfalme hajavikwa taji. Nilileta hata cha sungura, nikimwomba radhi askari moyoni. Alicheka mara moja, kisha kidevu kikashuka. Asubuhi ana nguvu, analima, anasema na kila mtu njiani, wala si mgonjwa. Alikuwa anasinzia kwangu tu.

Sanga alikuja kututembelea, amebeba chungu cha zawadi. Lea akakigonga, akasikiliza mlio, akasema, "Hiki ni cha maharage." Sanga akamtazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Wakazungumza vyungu mpaka chai ikapoa. Kisha Sanga akasema, bila kunitazama:

"Shemeji, eti huyu akisoma wewe hukaa macho?"

Lea akacheka, akafunika mdomo kwa upande wa khanga. "Shemeji, mwulize mwenye mdomo."

"Nimemwuliza. Anasema hakuna anayesinzia."

"Basi ndivyo ilivyo," akasema Lea, na wakacheka wote wawili.

Sikuelewa wanacheka nini. Nilichoelewa ni kwamba Mkinga huyu amekaa jikoni kwangu muda wa kikombe kimoja, na tayari anajua kitu nisichokijua. Msidhani nilishuku mabaya. Lea ni Lea, na Sanga ni mtu wa kanisani. Huu ulikuwa wivu mwingine. Ni wivu wa fundi anayeona fundi mwenzake amefungua kufuli la nyumba yake.

Wiki iliyofuata Sanga aliniwekea kitabu mezani. "Cha shemeji," akasema. Nikafungua. Kilikuwa kinahusu ujenzi wa madaraja ya chuma. Kina michoro, mishale na majina ya vyuma. Nilifurahi sana, nawaambia kweli. Nikajisemea, leo Mkinga amepotea. Mwanamke wa Njombe na daraja la chuma wapi na wapi.

Jioni nikasoma. Shetani alinishauri nisome kwa sauti ya kuimbaimba, ili usingizi uje haraka. Nilikataa. Mashindano ya hila si mashindano. Nilisoma vizuri kabisa, mbele ya Mungu, kwa sauti niliyoitumia kwa wafalme na kuku.

Lea hakusinzia. Alikaa macho ukurasa wa kwanza, wa pili, akasogeza kigoda. "Hebu rudia hapo," akasema. "Wanasimamishaje nguzo na maji yanapita?" Sikujua. Nikasoma mbele. Baadaye akasema, "Ahaa, wanayazungushia ukuta kwanza, wanayakausha," akapiga paja lake. Kesho yake aliniuliza asubuhi, ndoo ikiwa kichwani, kama daraja lile limefika ng'ambo.

Nililala macho yangu yakitazama bati. Mke wangu alikuwa amefurahi, nami nilikuwa na huzuni kwa sababu ya furaha yake. Ni jambo la aibu, lakini silitii chumvi wala siliondoi.

Nilimwuliza Sanga, kwa nini madaraja? Akaonyesha pengo lake. "Siku ukistaafu nitakuambia. Nikikuambia sasa utaninyang'anya meza."

Tukaishi hivyo. Sanga alileta kitabu, Lea akawa macho. Nilileta mimi, Lea akasema, "Nasikia." Cha saa na magurudumu yake kutoka kwa Sanga: macho. Cha mjane na binti mwema kutoka kwangu: usingizi. Mzee Luvanda alistaafu, akafariki, Mungu ampumzishe. Nilimwosha vidole mwenyewe, na wino haukutoka. Miti ya miwati ikapandwa vilima vizima, kiwanda cha magome yake kikaja, wasomaji wakaongezeka, vijana ninyi mkaja na kalamu zenye wino ndani yake. Mimi na Sanga tuliendelea kutazamana. Hatukuwahi kugombana. Akiugua nilikaa meza yake, na wasomaji wake niliwahudumia kwa uaminifu, nikiwaambia, "Bwana Sanga angekupa hiki." Mara nyingi ilikuwa sawa. Nilijua kazi yake kuliko nilivyojua yangu. Wivu ni mwalimu mkali, haukosi hata siku moja darasani.

Mwezi uliopita mlinipikia chai na maandazi. Bwana Shauri alisema maneno machache na akakosea jina langu mara moja tu. Watu walipotawanyika nikamshika Sanga mkono mlangoni.

"Nimestaafu. Sema."

Alijua ninachouliza. "Mtani, si madaraja. Shemeji angekaa macho hata kwa kitabu cha misumari. Nilitafuta kitabu ambacho wewe hukijui."

"Mimi?"

"Chungu kina anayepika, lakini kina moto pia. Mdomo wako ndio moto. Wewe ukisoma kitu unachokijua huwezi kunyamaza. Unasoma sentensi moja, unaeleza tatu. Nilikuona na wasomaji, tangu Makambako. Mtu anataka kitabu cha mwizi, unamwambia mwizi atakamatwa wapi. Nikasema, huyu apewe kitu kigumu, hapo atasoma tu."

Nilirudi nyumbani nikamwuliza Lea. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Ni kweli?"

"Baba Tumaini, wewe ni mtu mwema. Unanieleza kabla sijashangaa."

"Miaka yote hii, mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi kueleza. Nikaona nilale, wewe ufurahi."

Oneni basi. Kitabu kile nilidhani alichaguliwa Lea. Nilichaguliwa mimi. Nilikuwa msomaji wa Sanga muda wote, nimekaa meza ya pili, nikidhani mimi ni mwenzake.

Sasa ya leo. Asubuhi, sakitu ilipoanza kuyeyuka, nilikwenda chumba cha kusomea. Sikwenda kazini, nilikwenda kuazima, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mmoja wenu alinisogezea kiti changu cha zamani nikakataa, nikakaa kwenye benchi la wasomaji. Ni benchi baya, lina msumari. Nimekalisha watu pale maisha yangu yote na sikujua.

Sanga akaja amebeba kitabu. "Hiki hapa, mtani. Cha mitambo ya maji."

"Ahsante," nikamwambia. "Leo nachagua mwenyewe."

Akakirudisha kitabu chake mezani. Nikasimama mbele ya rafu. Vitabu vyote vina shati moja la kaki, na mimi ndiye niliyevivika, nilivijua kwa unene na kwa mikunjo. Niliruka kila nilichokijua. Mwisho wa rafu ya kati kulikuwa na kimoja kipya, gundi yake bado ina unyevunyevu. Nikafungua katikati. Kilikuwa kinaeleza watu wa nchi ya mbali sana, kaskazini, wanaokata barafu kama matofali na kujenga nyumba. Nikakumbuka maji ya kuku. Sikusoma zaidi, nisije nikakijua.

Jioni Lea aliinjika maharage kwenye chungu cha Sanga, kile kile, bado kizima. Nikakaa kwenye kigoda nikaanza. Nilisoma jinsi wanavyokata barafu, wanavyoizungusha, wanavyoziba nyufa kwa theluji. Kila nilipogeuza kwa Kibena nilitamani kuongeza kidogo. Nikauma ulimi. Nilihesabu ni kazi ngumu kuliko yote niliyowahi kufanya, kupita hata gundi.

Lea alikuwa ameshika mwiko hewani.

"Kumbe," akasema. "Na moto wanauwasha wapi?"

Nilikuwa na majibu. Yote ya kubuni, na yote mazuri. Nikasema, "Sijui, Mama Tumaini."

"Wakiwasha, nyumba si itayeyuka?"

"Sijui."

"Basi soma, soma upesi!"

Nikasoma. Alisogea mpaka goti lake likagusa langu, akawa anatazama ukurasa ingawa hasomi, kana kwamba moto ungeonekana pale. Tulifika mahali wanapoweka taa ya mafuta ndani, na ukuta unayeyuka kidogo tu kisha unaganda tena, unakuwa mgumu zaidi. Lea akasema, "Eee!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Tumaini alipoanza kutembea. Na harufu ilipotufikia ilikuwa tumechelewa.

Kwa haki niongeze jambo moja. Kitabu kile kilikuwa kipya, kimefunikwa jana au juzi, na kilikuwa rafu ya kati, mwisho kabisa, pale mkono wa mtu mwenye mgongo kama wangu unapofika bila kuinama sana. Yawezekana kilikaa hapo chenyewe. Yawezekana kuna Mkinga aliyenionyesha mitambo ya maji makusudi, akijua nitaikataa. Nimeliwaza hili tangu tulipomaliza kula, na linaniuma. Sitamwuliza. Nitakaporudisha kitabu ataniuliza yeye, na safari hii nitamjibu bila kusimama wima.

Tumekula ugali na maharage yaliyoungua. Lea hajawahi kuunguza chungu tangu nimwoe.